Ubeti Niliouficha

(Hotuba kwa walimu wa kwaya na viongozi wa vikundi vya taarab na kasida, Mombasa)

Asalaam aleikum, na nyinyi wa kwaya, Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Nimeambiwa nina nusu saa. Kumpa mwanamke wa Lamu nusu saa ni kama kumpa kahawa bila kashata, lakini nitajikaza.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie swali hili: nyimbo za zamani zina maneno ambayo leo yanaumiza watu, je, tuziimbe zilivyo au tuyabadilishe tukipanda jukwaani? Nilipoisoma nilicheka peke yangu jikoni. Swali hili mimi nililijibu zamani, kwa kalamu yangu mwenyewe, na nikalijibu vibaya. Kwa hiyo leo sikuja kutoa nasaha. Nimekuja kusema nilichokifanya.

Wengi wenu mnajua kazi yangu. Kwa zaidi ya miaka 30 nimefundisha wasichana kusoma tenzi, na kusoma kwetu ni kuimba, kwa mahadhi yale yale tuliyoyapokea kwa mama zetu. Utendi unaoombwa kuliko zote ni wa Mwana Kupona. Harusi haijafika, mama wa bi harusi ameshapiga simu: "Mwalimu, utatusomea Mwana Kupona?" Ukiuliza asomewe wote au sehemu tu, jibu ni moja: wote.

Kwa wasioujua, niseme kidogo. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, mke wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siu aliyemsumbua Sayyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake, mgonjwa, akamwita binti yake Mwana Hashima, akamwambia alete wino na karatasi akae kitako, ana maneno ya kumwambia. Maneno yenyewe ndiyo utendi: dini, adabu, usafi, jinsi ya kusema na watu, na kwa sehemu kubwa jinsi ya kuishi na mume. Mwanamke anajua anakufa, anamwachia mwanawe alichonacho. Mimi nimeusoma mara zisizo na idadi na bado zipo sehemu ambazo sauti hunikatika.

Lakini mwanamke huyu alikuwa mwungwana wa Siu wa mwaka 1858. Nyumba yake ilikuwa na watumwa kama yako ilivyo na mabomba ya maji. Na kati ya nasaha zake kuna hii:

Sitangane na watumwa
ila mwida wa khuduma
watakuvutia tama
labuda nimekwambiya.

Yaani, usichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi za nyumbani, watakuvutia aibu. Basi, mistari minne tu, kisha anaendelea na mambo mengine kama mtu aliyeonya kuhusu mvua.

Sasa fikiria uko Mombasa. Uko kwenye ua wenye kina mama 80. Hapo walipo kuna waliotoka nyumba zilizomiliki watu, na kuna waliotoka kwa watu waliomilikiwa, na mara nyingi ni mtu yule yule, maana masuria walizaa na mabwana wao na damu haina ukuta. Utumwa kama hali ya kisheria ulifutwa Unguja 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya haukufutwa mpaka 1907. Si zamani hivyo. Nyinyi mliokuja kwa njia ya Nyali mmepita Kengeleni leo asubuhi. Pale Frere Town waliwekwa watumwa waliokombolewa, miaka ya 1870, na wajukuu wao wamo humu ukumbini, wengine wanaongoza kwaya. Na neno lenyewe halijafa. Watu wakigombana sokoni, au posa ikikataliwa, litasikika: mtumwa we. Vijana wa bongo fleva wanajiita watumwa wa mapenzi na hakuna anayeshtuka, lakini lirushe neno hilo kwa mtu mmoja, kwa jina la babu yake, uone kama utarudi nyumbani na ushungi wako.

Kwa hiyo miaka kumi hivi iliyopita nikaamua kumsaidia Mwana Kupona. Nikakaa usiku mmoja na kalamu. Neno "watumwa" lazima litoke, niweke nini? Nikafikiria "wajinga", lakini ubeti unaofuata unaanza na hao hao wajinga, yeye mwenyewe kawataja, hakuniachia nafasi. Tena kina kingevunjika, maana chini yake kuna khuduma na tama. Mwisho nikaandika "wasema", kwa maana ya wasengenyaji. Sitangane na wasema. Mizani minane kamili, kina kimetulia. Nikajipongeza, nikalala.

Mnaojua tenzi mmeshacheka. Mshororo wa pili uliniumbua na mimi sikuuona: "ila mwida wa khuduma". Usichanganyike na wasengenyaji, isipokuwa wakati wa kazi za nyumbani! Msengenyaji gani huyo anayekuja kukusugulia sufuria?

Nikausoma hivyo kwa miaka miwili na hakuna aliyesema kitu. Mpaka siku moja Kibokoni, nyumba ya ghorofa, siku tatu kabla ya harusi. Joto la mwezi wa pili mnalijua. Kina mama wamejaa mpaka kwenye ngazi. Karibu na mlango ameketi kikongwe mmoja, leso moja kiunoni na moja begani, mkononi ana pepeo la ukili na anajipepea taratibu, pe, pe, pe, akifuata mahadhi yangu. Ubeti baada ya ubeti, pepeo halikosei. Nikafika pale. Sitangane na wasema. Pepeo likasimama.

Hakusema kitu mpaka nimalize. Chumba kikiwa kinamwagiwa marashi akaniita kwa kidole. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akauliza kwa sauti ambayo ngazini walisikia:

"Hapo pa sitangane umesemaje?"

"Wasema, mama."

"Ehe. Na watumwa wamekwenda wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaanza kujieleza, kwamba siku hizi, kwamba watu wa leo, kwamba isije ikamuumiza mtu. Akanikatiza. Akanivuta nikae chini, akanimiminia kahawa, akanieleza.

Nyanya yake, mama wa mamake, alikuwa kijakazi katika nyumba moja Lamu. Mzalia, yaani kazaliwa mle mle ndani, mamake pia alikuwa wa nyumba. Hakujua alifu wala bee. Kazi yake alipokuwa msichana ilikuwa kusimama mlangoni na pepeo wakati bibi yake, yaani mwenye nyumba aliyemmiliki, na wageni wake wakisomeana tenzi usiku. Akasimama akipepea, na akisimama anasikia. Utendi wote wa Mwana Kupona ukamwingia kichwani akiwa kwa miguu, bila karatasi, na alipokuja kuwa huru ukawa ndio mali aliyotoka nayo. Akausomesha kwa binti zake na wajukuu zake. Yule kikongwe aliujua utendi ule kwa kinywa cha mtu ambaye utendi wenyewe unasema asisogelewe.

Nikamwuliza, "Na alipofika ubeti ule?"

"Alikuwa akisita. Ananyoosha shingo hivi. Kisha anausoma wote, neno kwa neno, kwa sauti ya bibi yake, puani. Sisi watoto tunacheka mpaka tunalia." Akaniigizia: *watakuvutiaaa tama*. Kisha akaacha kucheka. "Sasa wewe umemtoa. Utendi mzima, mahali pake ni pale tu, na wewe umempa msengenyaji chumba chake."

Sikuwa na jibu. Nilidhani nilikuwa namwonea huruma mtu kama nyanya yake. Ukitazama vizuri, nilichokisafisha ni jina la wenye nyumba. Baada ya kalamu yangu, ile ilikuwa nyumba ya Siu ya 1858 yenye chakula, udi, matandiko na upepo, na hakuna mtu aliyefanya kazi ndani yake.

Haya si ya kwetu peke yetu. Kule Marekani, jimbo la Kentucky lina wimbo wake rasmi tangu 1928, wimbo wa Stephen Foster wa mwaka 1853. Huimbwa kila mwaka Louisville, uwanja wa Churchill Downs, kabla ya yale mashindano makubwa ya farasi, na watu waliovaa kofia za bei ya ng'ombe huimba machozi yakiwalenga. Ubeti wa kwanza ulikuwa na tusi la kuwaita watu weusi. Mwaka 1986 kikundi cha vijana kutoka Japani kikaja kuwatumbuiza wabunge wa jimbo, wakauimba kama walivyoukuta kitabuni, tusi likiwemo. Mbunge mmoja mweusi, Carl Hines, akapeleka azimio, na tusi likabadilishwa likawa "watu". Nani atampinga? Mimi simpingi. Lakini wimbo ule habari yake ni mtumwa anayeaga nyumbani kwa sababu ameuzwa, anapelekwa kusini kwenye mashamba ya miwa akafie huko. Foster aliuandika akiwa na habari za utumwa kichwani, na Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa mwenyewe, aliutaja kati ya nyimbo zinazoamsha huruma kwa watumwa. Hayo yako beti za mbele. Uwanjani huimba ule wa kwanza na kiitikio. Tusi limetoka, na aliyeuzwa haimbwi, kikabaki kitu cha kukumbuka nyumbani kuzuri kwenye jua. Nikiona hivyo nakumbuka "wasema" yangu.

Na kuna mfano wa upande wa pili, lazima niutoe, nisije nikaonekana nasema neno la kale lisiguswe. Paul Robeson, mwimbaji mweusi mwenye sauti ya kutikisa kuta, alijulikana kwa wimbo wa mto Mississippi kutoka mchezo wa muziki wa 1927. Wimbo uliandikwa na Mzungu kwa ajili ya mhusika mweusi mbeba mizigo, na uliposikika mara ya kwanza neno lake la kwanza lilikuwa lile tusi kubwa kuliko yote. Mwishoni mhusika anasema amechoka kuishi na anaogopa kufa. Robeson aliuimba, kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 akaubadilisha hadharani: hatalia, atacheka, na atapigana mpaka afe. Kila aliyekuwa ukumbini alijua maneno ya zamani, kwa hiyo kila aliyekuwa ukumbini alisikia mapya yakiyagonga ya zamani. Hakuficha kitu. Na aliyebadilisha ni yule aliyekuwa akiimbwa.

Hapo ndipo nilipo mimi leo. Nyanya wa yule kikongwe hakubadilisha hata herufi, alibadilisha pua. Robeson alibadilisha maneno mbele ya watu. Mimi nilibadilisha usiku, peke yangu, kisha nikasoma kana kwamba ndivyo Mwana Kupona alivyosema. Kosa langu lilikuwa hilo la usiku.

Nitasikia wasomi wakisema, Mwalimu, maneno ya tenzi yamebadilika siku zote. Ni kweli. Nakala za zamani za hati za Kiarabu hazilingani. Kila mnakili aliacha alama yake. Alice Werner na William Hichens walipouchapa utendi huu Uingereza mwaka 1934 walikuwa na maandishi yao mbele yao, na bibi zetu walikuwa na mengine vichwani. Shuleni watoto husoma "usitangamane" na sisi husoma "sitangane". Sawa. Lakini mnakili aliyekosea, na mwimbaji aliyesahau, na mtu aliyeleta Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kwenye Kiswahili sanifu, hawa sio sawa na mtu anayejua kilichomo na akakitoa ili msikilizaji asijue. Msikilizaji wa hao ana nakala ya pili ya kulinganisha. Wa kwangu hakuwa na kitu, ila bahati yangu mbaya ya kikongwe mwenye pepeo.

Basi nikaurudisha ubeti. Ningekuwa mtu wa hadithi ningeishia hapa, tukapigiana makofi tukaenda kula. Lakini mwaka uliofuata shule moja iliniomba niwaandae wasichana wa mashindano ya muziki. Nikawafundisha utendi ukiwa mzima, na kwa kuwa nilikuwa nimejaa ushujaa wa Kibokoni, nikawafundisha ubeti wa watumwa bila kusema neno la kuutangulia. Walishika nafasi nzuri. Wiki ya pili msichana mmoja akaja kwangu baada ya somo, akakaa mpaka wenzake waondoke. Wamempa jina darasani. Wanamwita Tama. Akipita wanajifunika leso za kujifanya na kusema watakuvutiaaa. Mmoja wao alikuwa amemsikia babake nyumbani akisema ukoo wa msichana yule ni wa wazalia.

Niliongea na walimu, wakaniambia ni utoto, utapita. Pengine walikuwa na mitihani ya kuhangaikia. Mimi nilijua nani kawapa watoto lile neno, tena na mahadhi yake mazuri ya kukaa kichwani.

Kwa hiyo sasa watu wazima na watoto siwapi kitu kimoja kwa namna moja. Watoto wa shule hawaupandishi ubeti ule jukwaani kabla hatujakaa darasani siku mbili tukizungumza nani alikuwa mtumwa pwani hii, alitoka wapi, alifanya kazi gani, na kwa nini mwanamke mwema kama Mwana Kupona aliweza kusema vile na asione kitu. Kama hakuna nafasi ya siku mbili, hatuusomi. Lakini hatuweki kitu mahali pake. Kiongozi anasimama, anasema: "Hapa pana ubeti ambao leo hatuusomi," wanatulia kwa muda wa pumzi mbili, kisha wanaendelea. Jino likitoka, pengo lionekane. Mara nyingi mtu mzima huja kuuliza nyuma ya jukwaa, ule ubeti unasemaje? Anaambiwa. Yeye amekuja kwa miguu yake.

Mtu ataniuliza, na nyimbo zenye sumu ya kweli? Zipo, na hazihitaji kuwa za miaka 150. Pale Arusha, mahakama ya kimataifa ya Rwanda ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi miaka 15 mwezi wa 12 mwaka 2008. Nyimbo zake zilikuwa zikipigwa redioni wakati wa mauaji ya 1994, na waliosalimika wanazikumbuka. Lakini kilichomtia hatiani ni maneno aliyosema barabarani kwa kipaza sauti, akiwachochea watu wawaue Watutsi. Mahakimu walikaa na nyimbo zile muda mrefu, wakitenganisha wimbo ulipotungwa na wimbo ulipotumiwa. Mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba kuna wimbo ambao ukiufuta neno moja bado ni panga, na huo sitaufuta neno, sitauimba kabisa. Mwana Kupona hayuko huko. Tusimpeleke huko ili tupate sababu ya kumkata, wala tusijidai kwamba hakusema alilosema.

Sasa kuna jambo ambalo wasichana wenyewe huliuliza zaidi kuliko watumwa, na nilijua mtaniuliza. Mume. Mwana Kupona anamwambia bintiye radhi za kiumbe ni tano: za Mungu, za Mtume, za baba, za mama, na ya tano ya mume, na kwamba siku ya kufufuliwa mume ataulizwa anataka mkewe apelekwe wapi. Wasichana wa leo wana digrii na gari. Nikifika hapo naona nyusi zikipanda. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi nikaamuliwe na huyu ambaye hata chaja yake hajui iliko?" Kila mwaka kuna mama wa bi harusi anayeninong'oneza niruke hapo. Na kila mwaka kuna shangazi anayenong'oneza nirudie mara mbili.

Siruki, na sirudii. Kwetu pwani wimbo unaokuudhi dawa yake inajulikana, nayo ni kuujibu. Siti binti Saad alipotoka Fumba kuja mjini Unguja, mtoto wa watu wa shamba, walimtungia wimbo: Siti kawa mtu lini, kaja mjini na kaniki chini, kama si sauti angekula nini. Mnajua kaniki ilikuwa nguo ya nani: ya watumwa. Yeye hakuwaomba waibadilishe kaniki iwe hariri. Aliwajibu kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili, na leo tunazo nyimbo zote mbili. Kama ule wa kwanza ungefutwa, jibu lake lingekuwa linapiga hewa. Na Siti ndiye aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, nani leo anakumbuka majina ya waliomtungia? Leso zenyewe kabatini mwenu zinajibizana kila siku, jina kwa jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na hakuna jirani aliyekwenda kwa chifu kutaka jina la leso ya mwenzake lifutwe.

Basi niliwapa wasichana wangu kazi. Mwaka jana, siku moja baada ya Ramadhani, nikawaambia: mjibuni Mwana Kupona. Kwa mizani yake, mishororo mitatu ya kina kimoja na wa nne unaoishia pale anapoishia yeye. Kwa adabu, maana ni bibi yenu na anaumwa. Chagueni popote mnapotaka.

Nilidhani wote watakwenda kwa mume. Wengi walikwenda huko, na baadhi ya beti zile siwezi kuzisoma mbele ya mabwana waliokaa mbele hapa. Lakini kikundi kimoja kilichagua pale mahali pa nasaha za mume akilala: ukae karibu naye, umpapase, na asikose mtu wa kumpepea. Wakaniuliza, Mwalimu, huyu mtu wa kumpepea ni nani? Mbona hana jina? Nikawaambia sijui, mtafuteni. Katika kikundi kile alikuwemo yule aliyekuwa akiitwa Tama. Sasa amemaliza shule, na amerudi kwangu kwa hiari yake, jambo ambalo mpaka leo sijui nalistahili vipi.

Tangu hapo tukisoma utendi mbele ya watu wazima, tunausoma wote. Tukifika "Sitangane na watumwa" naisoma mimi, mkubwa, nikiwa nimekaa, bila kubadilisha neno. Kisha nanyamaza. Yeye anasimama mlangoni, pale pale pa kusimama wapepeaji, ana pepeo la ukili mkononi, na anasoma waliyoyatunga. "Kuuza" humo ni Kiamu, ni kuuliza, ingawa wao walicheka sana walipogundua kwamba bara ni kitu kingine:

Bibi twakusikiliza
wasia watuongoza
ila twataka kuuza
nani alokupepeya?

Aloshika taa nani
ukiandika nyumbani
kasimama mlangoni
na yote kayasikiya?

Jina lake hukutaja
nasi leo twalingoja
mjukuu amekuja
ubeti kumaliziya.

Kisha anakuja kukaa karibu yangu, na mimi naendelea na wajinga, ubeti unaofuata.